Maji Yasiyo na Pa Kutokea

Mtu mmoja alikuwa na binti wawili na shamba moja la mpunga. Mwana wa kiume hakujaliwa, wala hakulia kwa hilo. Shamba lake lilikuwa tambarare, chini ya milima ya Upare, mahali ambapo mawingu hupita juu kwa juu yakaenda kunyesha kwa wengine, na maji huwafikia watu kwa mfereji. Alipoona nguvu zinamwishia, alilikata shamba vipande viwili kwa tuta moja la udongo. Jaruba la juu alimpa mdogo, Foibe. La chini, linalopakana na korongo, alimpa mkubwa, Niendiwe. Kisha akafanya jambo ambalo majirani hawakulielewa. Tawi la mfereji lililompelekea Niendiwe maji alilipitisha katika ardhi ya Foibe, na mtaro uliotoa maji ya Foibe aliupitisha katika ardhi ya Niendiwe. Walimwuliza kwa nini asimpe kila mmoja njia zake akafa kwa amani. Akasema, "Nikimpa kila mmoja njia zake, watakutana wapi?" Baada ya hapo hakuishi sana.

Nao walipendana, ingawa si kwa maneno. Mama yao alifariki Foibe akiwa bado ananyonya, na Niendiwe, aliyekuwa msichana wa kuchunga mbuzi, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea, na baada ya hapo akaendelea kumbeba kwa sababu alikuwa ameuzoea uzito wake. Foibe alipochumbiwa na Kajiru, mtu mpole mwenye maneno machache na kofia moja, Niendiwe ndiye aliyemkagua bwana harusi kucha na meno kama mtu anayenunua punda. Foibe alipozaa, Niendiwe ndiye aliyemkanda, akapika uji, akamwosha mtoto. Yeye mwenyewe aliwahi kuolewa. Alizaa wawili, akawazika wawili kabla hawajaota meno, na mumewe akaenda mjini kutafuta kazi, akaipata, na mke mwingine pamoja nayo. Niendiwe akarudi kwenye jaruba la baba yake. Wale watoto hakuwataja tena. Lakini wa Foibe aliwajua mmoja mmoja: nani hapendi maharage, nani huogopa radi, nani husingizia tumbo siku ya mtihani. Walimwita mama mkubwa, nao walikula kwao na kushiba kwake.

Msimu mmoja, mpunga ukiwa umeanza kujaza, kwelea waliteremka kama moshi. Watu wote waliamka alfajiri kuamia ndege. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Yokebedi, binti mkubwa wa Foibe, naye alipitiwa na usingizi. Foibe alipofika shambani jua lilikuwa limeshapanda, na pembe nzima ya jaruba imebaki mabua. Alimkuta Niendiwe amemshika mtoto sikio, anamgombeza kwa sauti ya kufika barabarani. Foibe alikuwa amekesha na mwanawe mdogo mwenye homa. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushika silaha iliyo karibu. Akasema, mbele ya majirani waliosimama kwenye matuta yao, "Mwache mwanangu, dada. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Ni methali tu. Kila mtu huisema. Lakini iliposemwa pale, wenye manati waliziteremsha manati zao, na mtu mmoja akageuka akawa anatazama mlima kana kwamba hajawahi kuuona. Niendiwe aliliachia sikio la mtoto. Alifunga kitenge chake upya, akashuka kwenye jaruba lake. Baada ya mavuno, kabla maji ya msimu mwingine hayajafunguliwa, alileta mawe na udongo wa mfinyanzi, akaliziba tundu lililotoa maji ya Foibe katika tuta la kati, akalishindilia kwa miguu. Waliomwuliza aliwajibu kwamba panya wametoboa tuta. Foibe aliona, akaelewa, akaenda nyumbani. Na yeye, waliomwuliza aliwajibu kwamba ni panya. Kwa jambo hilo moja walikubaliana.

Msimu wa kwanza Foibe hakuona hasara. Aliona faida. Maji yaliyokuwa yakienda zake sasa yalibaki kwake, na mpunga ukasimama vizuri. "Kumbe tulikuwa tunayamwaga bure," alimwambia Kajiru. Kajiru akasema, "Huenda." Wakatokea watu wa kumshauri Foibe alipize. Tawi la mfereji si lipo kwake? Alizibe naye, amwone dada yake akipandikiza miche juu ya vumbi. Foibe aliwatazama watu hao kama waliomtukania marehemu mama yake. Asingeweza. Kila msimu alilisafisha tawi lile kabla ya kugusa mlango wake mwenyewe wa maji. Aling'oa nyasi, akatoa mchanga, akahakikisha maji yanashuka kwa Niendiwe kwa nguvu. Ila kushuka mwenyewe, hakushuka. Alipokwenda kisimani aliiacha njia fupi iliyopita mlangoni kwa dada yake, akazunguka nyuma ya shule na ndoo kichwani. Watoto wake nao, bila kuambiwa, wakajifunza kuzunguka.

Lakini maji ya tambarare si maji matupu. Huteremka yakiwa na chumvi kidogo, ile ambayo ulimi hauionji. Yakipita, hayana neno. Yakikaa, jua huja kunywa. Na jua hunywa maji tu, chumvi huiacha. Ikawa hivyo msimu juu ya msimu. Kwanza pembeni mwa jaruba pakaonyesha weupe, kana kwamba mtu alipita na mfuko wa unga uliotoboka. Kisha weupe ukaingia katikati. Udongo ukilowa uliteleza kama sabuni. Ukikauka ulikuwa mgumu kama sakafu, jembe likirudi juu na kumtikisa mtu mabega. Maji yalisimama juu yake kama yaliyo kwenye sinia, hayazami. Miche ikaungua ncha. Masuke yalipotoka yalisimama wima, na asiyelima huliona jambo hilo kuwa zuri; mkulima anajua kwamba suke lililoshiba huinama. Foibe alilikata moja, akalisugua kiganjani, akapuliza. Yote yakaruka, isibaki punje. Yalikuwa mapepe, maganda matupu.

Hapo akaanza kutibu. Na hili msikieni vizuri: Foibe hakuwa mvivu. Alibadilisha mbegu. Alibeba samadi kwa punda, msimu mzima, mpaka punda akawa anajificha akimwona. Alikwenda mashineni kuomba pumba za mpunga, nyingine akazilima hivyo hivyo, nyingine akazichoma kwanza ziwe nyeusi. Aliwahi kupandikiza, akajaribu kuchelewa kupandikiza. Alitoa jina la shamba kanisani liombewe, likasomwa pamoja na majina ya wagonjwa. Kajiru alibeba kila alichoambiwa abebe, akakiweka alipoambiwa akiweke. Kila dawa ilileta unafuu kidogo, mahali padogo. Kisha weupe ulirudi. Nyumbani wakaanza kula ugali siku ambazo zamani zilikuwa za wali, na Kajiru akawa anasifu ugali kupita kiasi, jambo lililomwumiza Foibe kuliko kama angelalamika.

Mwishowe akaja bibi shamba, dada mmoja aliyeitwa Restituta, mwenye pikipiki na subira. Aliufikicha udongo kwa vidole, kisha akaomba bilauri mbili za maji. Akatia udongo katika zote mbili, akakoroga, zote zikawa tope. Katika moja akaongeza unga mweupe kidogo aliokuja nao kwenye karatasi, akakoroga tena. Wakakaa, wakanywa chai. Walipozitazama tena, bilauri ya kwanza ilikuwa bado tope vilevile. Ile yenye unga ilikuwa imetulia, udongo chini, maji juu, unaona mpaka upande wa pili.

"Hii ni jasi, mama," alisema Restituta. "Udongo wako umeshikwa na magadi. Magadi yanaufarakanisha, kila chembe inamkimbia mwenzake, ndiyo maana maji hayapati pa kupenya. Jasi huyasukuma magadi yatoke, chembe zishikane tena. Kwa hiyo mwaga jasi, tia na samadi yako, jaza maji ya mfereji, yaache yakae kidogo, halafu yatoe yote. Jaza mengine, toa. Lakini kumbuka, magadi yakishatoka kwenye udongo hayajapotea. Yamo ndani ya maji. Sasa maji ya jaruba hili hutokea wapi?"

"Hutokea kule," alisema Foibe, akapunga mkono kuelekea dunia nzima.

Kajiru akatazama vidole vya miguu yake.

Jasi ilitoka Makanya, imeshasagwa, kwenye lori la jirani lililokuwa linarudi tupu. Watu wakaja kutazama. "Foibe anatia weupe juu ya weupe," walisema, na mmoja akauliza kama atatia na nyanya, liwe kachumbari. Foibe aliimwaga kwa mikono yake, akaisambaza kwa reki, akafungua mlango wa mfereji, akajaza. Na jasi ikafanya kazi yake. Wala asiwepo wa kuilaumu. Iliyasukuma magadi kutoka kwenye udongo kama bibi shamba alivyosema. Magadi yakaingia ndani ya maji. Maji yakatafuta mlango, na mlango haukuwapo. Yakasubiri. Jua likaja likanywa sehemu yake, na magadi yakarudi chini yalikotoka, na jasi nyingine juu yake. Jaruba likawa jeupe kuliko zamani, likawa linaumiza macho mchana.

Mwingine angeelewa. Foibe alichukua beleshi. Aliazimia kuchimba mtaro mpya upande wa barabara, au upande wa mashine, upande wowote ule isipokuwa mmoja. Kajiru alichimba pamoja naye, maana aliona afadhali kuchimba kuliko kusema. Walipoufungua, maji yaliingia mtaroni, yakatembea kidogo kwa adabu, yakasimama, yakarudi. Foibe akachimba kwenda chini zaidi. Yakaenda, yakasimama, yakarudi. Akaketi juu ya lundo la udongo alioutoa, matope mpaka magotini, akalia kwa sauti kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Kajiru alivua kofia yake. "Mama Yokebedi," alisema, "ardhi inateremkia kwa dada yako. Mimi sikuiumba."

Kesho yake asubuhi Foibe alikwenda kwa njia fupi. Njiani alipanga maneno. Angeanza na bibi shamba. Angeeleza habari za bilauri mbili, maana ni jambo la kitaalamu na halina lawama ndani yake. Angesema mtaro ni wa baba, si wa mtu. Alimkuta Niendiwe uani, ameketi juu ya kigoda, anapeta mchele. Foibe akashtuka. Miaka yote hiyo alikuwa akimwona kwa mbali, akiwa ameinama jarubani, au kanisani kwenye benchi la upande wa pili, na kwa mbali mtu hazeeki. Sasa aliona shingo iliyokonda, na mishipa juu ya mikono ile iliyomkanda. Ungo ulikuwa unapanda na kushuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Ungo haukusimama.

Foibe akaanza kusema. Alisema habari za jasi na magadi. Alisema chembe zinafarakana. Alieleza bilauri ya kwanza, akaeleza ya pili, akaeleza tena ya kwanza. Akasema kwamba maji yangepita pembeni tu, mtaroni, wala yasingegusa mpunga wa mtu, na kwamba Kajiru angeusafisha mtaro wote peke yake, na kwamba ingekuwa kwa muda. Maneno yakaendelea kumtoka mpaka yakamwishia, akabaki amesimama katikati ya ua, mikono imemning'inia.

Niendiwe aliuweka ungo chini. Akasema, "Foibe, umekuja kuomba njia ya maji, au umekuja kwangu?"

Foibe akapiga magoti palepale, juu ya pumba. "Nimekuja kwako, dada."

"Basi liseme."

"Niseme nini?"

"Lile neno. Mimi nimelisikia peke yangu miaka yote hii. Leo nataka tulisikie wawili."

Foibe alifungua kinywa. Methali ambayo mtoto wa darasa la kwanza huisema bila kufikiri ilimlemea. Alisema mwanzo wake, akashindwa mwisho. Akaiacha methali. Akasema, "Nilikuambia mbele za watu kwamba wewe si mzazi. Na nilijua ninachosema, dada. Sikuteleza ulimi. Nilikuwa nimechoka, nikatafuta mahali pa kukuumiza, nikapajua, nikapachoma. Nisamehe." Kisha akaona kwamba bado halijaisha, akaongeza, "Na mimi nimelelewa mgongoni kwako. Kama wewe si mzazi, basi mimi sikuwahi kuwa mtoto wa mtu."

Niendiwe hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alitazama mikono yake. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipotoka kwa mumewe. Aliwataja watoto wake. "Wa kwanza alikuwa Kiondo," alisema. "Alikuwa mkali. Alikuwa akinyonya amekunja ngumi. Wa pili alikuwa wa kike, hakufika hata kubatizwa. Lakini mimi nilikuwa nimeshampa jina. Nilimwita Foibe."

Hapo wote wawili walilia, na kuku walikula mchele uliokuwa kwenye ungo, na hakuna aliyewafukuza.

Walipotulia, Niendiwe alipenga kamasi kwenye upindo wa kitenge, akawa dada tena. "Unajua ulivyonitesa?" alisema. "Kila msimu nilikuwa nakwenda kwenye tawi la mfereji kutazama kama umenifungia. Nilitamani ufunge, nipate sababu. Nakuta umelisafisha. Nakuta nyasi zimeng'olewa mpaka mizizi. Nilikuwa narudi nyumbani na hasira ambayo haina pa kukaa." Akasimama, akamshika mkono, akamwongoza mpaka jarubani kwake, kwenye upande uliopakana na tuta la kati. Pale palikuwa pamefunikwa majani makavu ya mpunga, yamepangwa vizuri. Niendiwe aliyasukuma kwa mguu. Chini yake ardhi ilikuwa nyeupe. Chumvi ilikuwa imepenya chini ya tuta, kimyakimya, ikaingia kwake. "Nilifunika," alisema, "watu wasije wakasema tunafanana."

Walianza siku hiyohiyo. Mtaro wa baba yao ulikuwa umejaa matete, kwa kuwa mtaro usiopitisha kitu huota. Kajiru alikuja na panga, kofia kichwani, akaonekana akikata matete huku anapiga mbinja. Niendiwe na Foibe wakalishika lile tundu. Lilikuwa limeshindiliwa mno. Mawe yalikuwa yameshikana na udongo, na udongo umekuwa kama tofali, na Niendiwe, aliyeliziba kwa miguu yake siku moja, sasa alilizibua kwa mtaimbo, kwa kuchukua zamu na mdogo wake, akijilaani kwa ufundi wake mwenyewe. Jiwe la mwisho lilipotoka, maji yalitoka meusi kama chai ya rangi, na povu juu, na harufu ya kitu kilichofungiwa siku nyingi. Foibe alijaa aibu kuyaona yakipita kwenye ardhi ya dada yake.

Na hayakupita kwa upole. Mtaro ulikuwa bado mwembamba, ukamomonyoka upande mmoja, na maji machungu yakaingia kwenye miche ya Niendiwe iliyokuwa imepandikizwa karibuni. Yakaunguza mstari baada ya mstari mpaka walipofaulu kuziba. Foibe akaanza tena kulia na kuomba radhi. "Nyamaza," Niendiwe alimwambia, akipiga udongo kwa beleshi. "Nilijua yataniunguza. Ulifikiri nimefungua sijui? Leta udongo mwingine."

Walijaza, wakatoa. Wakajaza maji mapya, wakatoa. Jasi ile iliyolala bure sasa ilipata kazi, na Niendiwe, aliyekuwa na ng'ombe, alitoa samadi iliyooza vizuri kuliko ile ya punda. Jasi iliyobaki Foibe aliibeba kichwani, akaimwaga kwenye ule upande mweupe wa dada yake. Bibi shamba alipopita na pikipiki aliyatazama maji ya mtaroni yakiwa bado na rangi, akacheka kwa furaha, akasema, "Ndiyo haya niliyokuwa nayaulizia, mama."

Wala msidhani udongo ulipona kwa siku moja kwa sababu watu wamekumbatiana. Mavuno ya kwanza yalikuwa haba. Ya pili yalikuwa na mpunga katikati na mapepe pembeni, na Foibe alikatishwa tamaa, na Niendiwe alimwambia kwamba kilichoingia polepole hutoka polepole. Wakajaza tena, wakatoa tena. Maji yakawa ya rangi ya chai ya maziwa, kisha ya rangi ya majani makavu. Jembe likaanza kuingia. Siku moja Kajiru alikanyaga katikati ya jaruba akazama mpaka kifundoni, kofia ikamwanguka, akasimama palepale akicheka peke yake, kwa maana tope lililomshika lilikuwa laini, lenye minyoo ndani yake.

Msimu ule masuke yaliinama. Hayakuinama yote, kona moja ya juu ilibaki na ukaidi wake, na mpaka leo hawapandi kitu pale isipokuwa nyasi za ng'ombe. Walivuna pamoja, jaruba la juu kisha la chini, na siku nzima walibishana. Niendiwe alisema Foibe anakata juu mno. Foibe alisema Niendiwe anapiga mpunga kama anapiga nyoka. Yokebedi, ambaye sasa alikuwa msichana mrefu, aliwapelekea uji, akamkabidhi mama mkubwa kikombe chake kwa mikono miwili, na Niendiwe akamshika sikio. Hakulivuta. Alilishika tu, kama mtu anayeangalia kama kitu bado kipo mahali pake, na mtoto akainamisha kichwa ili sikio likae vizuri mkononi.

Enyi wenye masikio, mmesikia habari za shamba. Jasi tunayo sote. Samadi tunayo, sala tunazo, na siku za kufunga tunazifunga. Tena wengi wetu tunazimwaga kwa bidii juu ya ardhi ile ile, mwaka hata mwaka, tukishangaa kwamba weupe unarudi. Basi ni nani kati yetu atakayeinuka kesho asubuhi akamwombe yule yule ambaye yeye mwenyewe alimuumiza kwamba maji yake machungu yapite kwake?